Bakshishi Si Mshahara

Ndugu zetu waendao Marekani huuliza: katika hoteli ya kujipakulia chakula, bakshishi ni ya nini? Ni ya yule aondoaye sahani chafu na kuleta vinywaji. Tangu 1991, sheria ya Serikali Kuu yao humruhusu tajiri kumlipa mtumishi apokeaye bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, ili mifuko ya wageni ijazie hadi kima cha chini, dola 7.25. Ujanja huo! Basi mwachieni dola mbili tatu. Lakini kwenye kaunta, mashine ikikudai asilimia 20 hujaonja hata tonge, kataa bila haya. Wa kudaiwa ni tajiri. Jimbo la California humlazimisha kulipa kima kamili, bakshishi ikawa nyongeza.