Dawa Haijatolewa Mpaka Mgonjwa Aelewe

Katika hospitali zetu nyingi, mgonjwa wa nje akifika dirisha la dawa hupewa kibahasha kilichoandikwa "1x3", huambiwa "moja mara tatu", na jina la mwingine huitwa. Mtoa dawa anajua alichokusudia: kidonge kimoja kila baada ya saa 8. Mgonjwa je? Wapo wanaomeza asubuhi, mchana na magharibi, kisha mwili ukakesha usiku kucha bila dawa. Wapo wanaodhani ni vidonge vitatu kwa mpigo. Tusiwalaumu, maana hakuna aliyewaeleza.

Chukueni dawa mseto ya malaria, iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwishoni mwa 2006 kwa kuwa SP, dawa ya malaria iliyotangulia, ilikuwa ikishindwa na vimelea. Mtu mzima humeza vidonge 4 kila dozi, dozi 6, jumla 24. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8. Zilizobaki ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Tena imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani tumbo tupu huifyonza kidogo mno. Yote hayo yataenea vipi katika "4x2"? Asiyeambiwa hupata nafuu siku ya pili, akaziweka zilizosalia, kesho akamgawia jirani.

Kwa watoto hatari huzidi. Kijiko cha dawa ni mililita 5, kijiko kikubwa cha mezani ni 15. Mama aliyeambiwa "kijiko kimoja" bila kuonyeshwa kijiko chenyewe aweza kumpa mwanawe kipimo mara tatu, kwa mapenzi yake yote.

Najua nitajibiwa: foleni. Ni kweli, foleni ni ndefu na watoa dawa ni wachache. Lakini swali moja halichukui muda: "Hebu niambie mama, hizi utazitumiaje?" Akijibu vema, aende, akikosea, asahihishwe papo hapo. Nasi wagonjwa tusiondoke dirishani kabla ya kuelewa, hata wa nyuma wakinung'unika.

Nanyi waganga wafawidhi, litazameni dirisha lenyewe. Mgonjwa wa kisonono aliyeinamia kitundu, watu wamejaa mgongoni, hatauliza neno. Mtengeeni pembeni kiti na pazia, aketi na mfamasia, waongee kwa sauti ya chini.