Seva ya Hospitali Nayo Ipimwe kwa Sampuli

Kila asubuhi, kabla ya kupima damu ya mgonjwa, mtaalamu wa maabara hupima kwanza sampuli ya udhibiti, ambayo jibu lake linajulikana. Jibu likienda kombo, mashine husimamishwa mpaka kasoro ipatikane. Hakuna aonaye kuwa huko ni kupoteza muda.

Seva zinazotunza mafaili ya wagonjwa zinastahili uangalifu huohuo. Siku hizi mipangilio yake huandikwa kama msimbo: nani aruhusiwe kufungua faili, na nakala rudufu ichukuliwe saa ngapi. Msimbo mmoja huweza kupanga seva nyingi, na kosa la mstari mmoja huenea vituo vingi kwa dakika chache. Kinga yake ni data za majaribio, yaani maelezo ya seva ya kubuni pamoja na majibu yanayotarajiwa. Msimbo ukitoa jibu tofauti, haupelekwi kituoni.

Lakini ubunifu huo ufuate hali halisi. Seva ya mfano yenye umeme na mtandao wa wakati wote haiifai Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, ambako fundi aitwaye kutoka Mwanza hana budi kuvuka ziwa. Mfano wa kisiwani uulize: mtandao ukikatika usiku, je, nakala rudufu itabaki salama papo hapo? Umeme ukirudi, je, saa ya seva itakuwa sahihi, au dozi ya usiku itaandikwa kuwa ya asubuhi?

Wapo waonao kuwa ni rahisi kunakili mafaili ya kweli kwa majaribio. Haifai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mgonjwa hakutoa majibu yake ya VVU ili fundi ajaribie mashine. Wagonjwa wa mfano wabuniwe, na miongoni mwao wawemo Kulwa na Doto, pacha wenye baba mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa.

Majaribio hunasa makosa yaliyofikiriwa tu. Kwa hiyo muuguzi wa zamu anapoona faili limepotea au saa imekosewa, asinyamaze. Taarifa yake ndiyo sampuli mpya ya kesho. Mafundi nao wasipeleke badiliko lolote wodini kabla halijapimwa. Mgonjwa asiwe sampuli ya kwanza.