Tela la zamani: breki kwanza, rangi baadaye

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa mboga, kununua tela kuukuu la trekta na kulifufua si kosa. Bei ya jipya tunaijua. Ninachopinga ni pesa yote kuishia kwenye mbao na rangi, breki zikiachwa zilivyo.

Kutoka Lushoto, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hadi Mombo ni mteremko wa kilometa 33 hivi, kona juu ya kona. Tela lililojaa viazi na kabichi (lumbesa ndiyo balaa zaidi) hulisukuma trekta kwa nyuma.

Mwambie fundi afungue drami kabla hajashika brashi. Viatu vya breki vilivyoisha au kulowa grisi vibadilishwe pande zote mbili, maana upande mmoja ukishika peke yake tela huvuta kando. Kama ni breki za mafuta, weka mapya: ya zamani yameshanyonya unyevu, yakipata joto mteremkoni huchemka na pedali inazama. Lijaribu kwanza tambarare, likiwa tupu.

Barabarani, ingiza gia ndogo tangu juu. Kutoa gia ili kuokoa dizeli ni ubahili wa hatari, na pale Soni unapita kwenye watu. Hela ya rangi itapatikana msimu ujao wa viazi.