Kabla hujasema amerogwa

Leo nina neno, na naomba watu wa sanaa na biashara msikimbie. Ni sayansi, lakini naileta kikwetukwetu.

Madesa yetu yanachora kipokezi cha neva kama msumari uliogongwa kwenye ukuta wa seli, upo hapo milele. Jamani, picha hiyo inadanganya. Kipokezi ni msafiri. Kinatengenezwa ndani ya seli, kinapitia Golgi kumaliziwa, kinapakiwa kwenye kifuko kidogo, halafu protini ziitwazo kinesini zinakivuta kifuko juu ya nyuzi za ndani ya seli kama mkokoteni. Kikifika, kifuko kinaungana na utando, kipokezi kinatokeza nje na kuanza kupokea glutameti. Baadaye kinaweza kuvutwa tena ndani. Vikipungua huko juu, ujumbe nao unafifia.

Mtauliza, sasa mimi inanihusu nini? Inakuhusu sana. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinashika vipokezi aina ya NMDA, navyo vinavutwa ndani kupita kawaida. Seli ipo hai, ila juu pamebaki vichache. Binti aliyekuwa mzima wiki chache tu nyuma anaanza kusikia sauti, hapati usingizi, anasahau, anapata degedege. Huwapata zaidi wasichana na vijana, yaani rika letu, na baadhi yao wana uvimbe kwenye ovari.

Mtaani tunasema karogwa, au ana mapepo, au eti kitabu kimemzidi. Mimi nasema maneno hayo yanaweza kuua, manake yanakula muda. Ugonjwa huu una tiba: dawa za kutuliza kinga ya mwili, na kutoa uvimbe kama upo. Utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha wengi walipata nafuu nzuri, hasa waliowahi matibabu. Vipokezi vinarudi juu!

Sisemi kila anayechanganyikiwa ana ugonjwa huu. Ni wa nadra, na huku kwetu malaria ikipanda kichwani nayo huleta mambo hayo hayo. Ndiyo maana nasema hospitali kwanza. Maombi hakuna aliyeyakataza, mwombeeni akiwa wodini.

Haya, nakimbilia maabara. Siku njema wadau!