Nanyuki na Mfuko wa Askari

Mji wa Nanyuki, ulio kwenye mstari wa ikweta chini ya Mlima Kenya, umezoea kuona askari wa kigeni tangu miaka ya kwanza ya Uhuru. Kwa mapatano ya Serikali ya Kenya na ile ya Uingereza, batalioni za Waingereza, zipatazo hadi sita kwa mwaka, huruhusiwa kuja kufanya mazoezi katika nyika za Laikipia na Samburu, kila moja kwa muda wa wiki kadhaa. Mwaka 2021 ikafunguliwa kambi mpya mjini humo, iitwayo Nyati, iliyogharimu pauni milioni 70. Mgeni anayejenga nyumba ya gharama hiyo hana nia ya kuondoka upesi, na kwa hiyo yatupasa kuyazungumza mambo yake waziwazi.

Hatusemi kwamba fedha ya askari ni haramu. Mpishi, dobi, fundi bomba na mlinzi wa lango hufanya kazi ya jasho, na ujira wao ndio unaolipa karo za watoto. Dereva wa teksi, mchonga vinyago, mama auzaye sukumawiki na mwenye vyumba vya kupangisha, wote hao huhesabu miezi kwa kuja na kuondoka kwa batalioni. Huo ndio uchumi wa mji wa kambi: wateja huja kwa zamu, kama mvua, na wiki wanapopanda magari kurudi kwao duka hubaki na mchuuzi akipiga miayo. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoyasimamisha mazoezi, mji mzima ulionja ladha ya kumtegemea mnunuzi mmoja.

Lakini mkulima ambaye mvua haikunyesha aweza kulalamika kwa sauti kubwa, naye asiogope kwamba wingu litamsikia na kumnyima zaidi. Mtu wa Nanyuki hana nafasi hiyo. Akilalamika juu ya mteja wake, jirani yake atamwambia, "Nyamaza, utatuharibia." Hili ndilo jambo tunalotaka wasomaji wetu walitazame, kuliko hesabu ya shilingi.

Mwaka 2012 mwanamke mmoja kijana, mama wa mtoto mchanga, alionekana usiku akiwa na askari wa Kiingereza katika hoteli moja mjini humo. Majuma kadhaa baadaye maiti yake ilikutwa katika shimo la maji machafu la hoteli hiyo hiyo. Ilichukua hadi mwaka 2019 hakimu kutamka kwamba aliuawa, na kwamba wauaji ni askari wa Kiingereza, mmoja au wawili. Ikachukua hadi Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya kutoa hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa askari. Miaka 13! Yule mtoto mchanga amekwisha kuwa binti mkubwa.

Wapo wanawake wa Nanyuki, watu wasio na cheo wala mali, waliosimama mbele ya hakimu wakaeleza waliyoyaona, nasi twawapa heshima yao. Lakini wakubwa wa mji walikuwa wapi? Walikuwa wapi wenye hoteli, wenye tenda na wawakilishi wa kuchaguliwa, watu wenye sauti inayofika Nairobi? Miaka ile yote hatukusikia kwamba walifunga milango ya maduka yao hata siku moja kudai haki ya marehemu. Hatuwaiti watu wabaya. Twasema tu kwamba mtu ambaye kodi ya nyumba yake, deni lake la benki na mshahara wa wafanyakazi wake vyote vyatoka katika mfuko mmoja, ni vigumu kumshitaki mwenye mfuko.

Mwezi Machi 2021 moto ulizuka Lolldaiga wakati wa mazoezi ukateketeza maelfu ya ekari. Watu wa vijiji vya jirani walidai kwamba moshi uliwadhuru wao na mifugo yao. Kesi ilivutwa hadi mwaka 2025, ndipo Waingereza wakakubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa wadai 7,723. Ukizigawa sawasawa, kila mmoja hapati hata pauni 400. Na ikumbukwe kwamba ardhi kubwa inayofanyiwa mazoezi ni ya mashamba ya watu binafsi, ambao hulipwa kwa kuitoa. Basi malipo ya ardhi ni ya mwenye shamba. Moshi ni wa jirani yake.

Wako wanaotuambia kwamba kusema hivi ni kuua mji. Tuwaombe watazame Ufilipino. Mji wa Olongapo uliishi kwa miongo mingi kwa manowari za Wamarekani zilizotia nanga Subic. Baa, dobi, mafundi, kila kitu kilikuwa cha kambi. Mwezi Septemba 1991 Seneti ya nchi ile ikakataa mkataba mpya kwa kura 12 dhidi ya 11, na mwezi Novemba 1992 Wamarekani wakaondoka. Njaa iliingia, hatufichi. Lakini wenyeji walijitolea kwa maelfu kuilinda bandari ile isiporwe, na mahali pale pakageuzwa kuwa eneo la biashara huru, lenye viwanda na maghala. Mji haukufa. Hata hivyo walichelewa sana kujitayarisha, na waliolipa gharama ya kuchelewa huko ni wafanyakazi walioachishwa kazi.

Nanyuki inao muda ambao Olongapo haikuutumia. Mapatano ya namna hii huandikwa kwa miaka michache michache. Yale ya Julai 2021 yalikuwa ya miaka mitano. Mwaka 2024 Kamati ya Bunge ilikwenda kuwasikiliza wananchi wakieleza madonda yao, na ni vema ilikwenda. Lakini kumwita mtu aonyeshe donda si sawa na kumwita akae mezani.

Twataka watu wa Laikipia na Samburu waketi mezani kabla ya sahihi kutiwa. Bei inayolipwa kwa ardhi itangazwe. Orodha ya tenda za kambi, na majina ya wanaozipata, ibandikwe mahali ambapo mkulima wa viazi aweza kuisoma. Kila kibarua wa kambini awe na barua ya kazi na uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi, asije akafukuzwa kwa sababu ametoa ushahidi. Na sehemu ya fedha hiyo iwekwe kila mwaka katika kazi isiyohitaji askari: viwanda vya maziwa na ngozi, na matengenezo ya reli ifikayo Nanyuki.

Wabunge wa sehemu hizo wayachukue maneno haya, na wapiga kura wao wawaulize wameyapeleka wapi.