Funguo Zilizoning'inia Ukutani

Mpendwa mama, mwezi huu utuvumilie. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya malezi na mapishi, lakini leo tunataka kuzungumza juu ya magari. Ndiyo, magari! Wengine mtacheka, ila sisi tumeyapenda tangu utoto.

Tulipokuwa wadogo tulisimama kando ya barabara huko Usambara wakati wa Pasaka, tukingoja magari ya Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na siku hizo yalipita katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Kwanza ulisikia ngurumo mlimani, kisha gari likapita na kutupaka matope toka kichwani hadi miguuni. Tulirudi nyumbani tumefurahi. Mama hakufurahi, maana mfuaji alikuwa yeye. Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, alishinda kwa Peugeot 404. Tangu hapo, kwetu hakukuwa na gari kama Peugeot.

Basi baba watoto aliponunua Peugeot 504 kuukuu, tulishangilia kuliko yeye. Ilikuwa pana, na mashimoni ilipita kama imepanda godoro. Gia yake ilikuwa kando ya usukani. Magari ya siku hizi yana mengi mazuri, hatukatai, lakini ukifungua boneti unakutana na plastiki tupu! Ile yetu tuliijua hata kwa sauti. Ikikohoa asubuhi, tulimwambia fundi mahali pa kutazama, naye alikuta ni kweli.

Lakini kuiendesha? Hapana. Tuliambiwa usukani ni kazi ya wanaume, nasi tukakubali.

Usiku mmoja baba watoto akiwa safarini, mtoto wetu wa pili alishikwa na homa kali, kisha degedege. Gari lilikuwa uani, lina mafuta. Funguo zilining'inia ukutani. Tulizitazama funguo zile, tukamtazama mtoto, kisha tukamfunga mgongoni na kutoka mbio gizani hadi kwa jirani mwenye teksi. Tulibisha mlango mpaka mikono ikauma. Mtoto alipona, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Lakini mwendo ule wa kwenda kwa jirani hatujausahau.

Baba watoto aliporudi tulimsimulia. Alinyamaza muda mrefu. Kesho yake asubuhi alizitoa funguo ukutani, akatuwekea mkononi, akasema, "Mama, twende uwanjani."

Tulijifunzia katika uwanja wa mpira. Tuliachia klachi haraka, gari likaruka kama mbuzi na kuzimika. Watoto wa mtaa walihesabu kwa sauti: mara ya tano, mara ya sita! Tulivumilia, tukafanya mtihani, tukapata leseni.

Baadaye tulisoma habari za Bertha Benz wa Ujerumani, mke wa Karl Benz aliyeunda gari la kwanza la petroli. Agosti 1888, bila kumwambia mumewe, mama huyu alichukua gari lililoundwa na mumewe pamoja na wanawe wawili, akatoka Mannheim kwenda kwa mama yake mjini Pforzheim, mwendo wa kilometa 100 hivi. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, fundi viatu aliziwekea ngozi. Basi safari ya kwanza ndefu ya gari duniani iliendeshwa na mama mwenye watoto! Nani tena atuambie usukani si wetu?

Dada, kama kuna gari nyumbani kwenu, jifunze kuliendesha, hata kama huna mpango wa kuliendesha kila siku. Lijue pia. Kabla ya safari, injini ikiwa baridi, tazama maji ya rejeta na oili. Kamwe usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto. Maji yale huruka na kuunguza uso. Kagua upepo wa matairi, na tairi la akiba usilisahau. Jaribu kufungua nati za gurudumu mchana, ukiwa nyumbani, ili usiku wa pancha usiwe siku yako ya kwanza kushika spana.

Watoto wakae nyuma na wafungwe mikanda, na mtoto mchanga awe katika kiti chake. Usimpakate mbele. Breki ya ghafla ikija, mikono ya mama haiwezi kumzuia, hata iwe na upendo kiasi gani.

Na kama mumeo anasitasita, usigombane naye. Msimulie habari ya usiku wetu ule, kisha muulize: "Baba, na ingekuwa hapa kwetu?"

Hadi mwezi ujao, endesheni salama.