Kodi Imelipwa, Usingizi Hauji

Mkazi wa mtaa wa Kaloleni, Nairobi, akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio na usingizi umemhama, hupewa jibu kabla hajamaliza kusema: "Hizo ni shida tu. Ukipata pesa zitaisha." Jirani husema hivyo, muuza dawa husema hivyo, na wakati mwingine hata ndugu wa damu. Jibu hilo hupokewa kama hekima ya watu wazima. Ni kosa, na kosa lenyewe linawaacha watu wakiteseka miaka mingi kwa ugonjwa unaotibika.

Hakuna anayekana kwamba shida zipo. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini, nyumba zake ni za kaunti, na wapangaji wamezoea kusikia mipango ya kubomoa mitaa mikongwe ya Eastlands ili yajengwe maghorofa. Mwenye kibanda kando ya Barabara ya Jogoo hajui kanjo, yaani askari wa kaunti, watapita saa ngapi. Kuwa na wasiwasi katika hali hiyo ni akili timamu. Ila wasiwasi wa kawaida una mwisho wake: kodi ikilipwa, mtu hulala.

Sasa mtazame mama anayekaanga samaki jioni ili watoto waende shule. Kodi ya mwezi keshalipa. Saa tisa usiku bado yuko macho. Mawazo yametoka kwenye kodi yakahamia karo, kutoka karo yakaingia kikohozi cha kitinda mimba, kisha yakamfuata kijana mkubwa aliyechelewa kurudi jana, ingawa anamsikia akikoroma upande wa pili wa pazia. Shingo na mabega vimekaza. Asubuhi anawafokea watoto kwa jambo dogo, mchana anasahau chenji ya mteja. Akienda kwenye duka la dawa anapimwa presha, iko sawa, anauziwa dawa ya vidonda vya tumbo. Baada ya wiki chache yuko pale pale dirishani.

Wasiwasi wa namna hii ukidumu miezi 6 au zaidi, siku nyingi kuliko zile za nafuu, ukirukia jambo hili na lile bila mtu kuweza kuuzuia, ukaja na uchovu, hasira za haraka, misuli kukaza, usingizi mbovu na akili isiyotulia, madaktari huuita ugonjwa wa wasiwasi wa jumla. Umo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani tangu 1980. Wanawake huupata takriban mara mbili ya wanaume. Wanaume wengi nao huuficha kwenye pombe, ambayo humlaza mtu saa chache kisha ikamwamsha alfajiri akiwa na hofu kali kuliko ya jana.

Kama pesa ingekuwa dawa, matajiri wasingeugua. Utafiti wa nchi 26 uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba katika nchi tajiri watu 5 kati ya kila 100 wamewahi kuupata ugonjwa huu maishani, na katika nchi za kipato cha chini hawafiki 2. Wapo watakaodakia hapo hapo: kumbe ni ugonjwa wa wenye nafasi! Hilo nalo ni kosa, kwani Nairobi yenyewe imeshaonyesha vingine.

Mwaka huo huo wa 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika mitaa ya Nairobi kwa wanawake 421 waliolemewa na msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Si wote waliokuwa na ugonjwa huu, lakini mzigo walioubeba ulikuwa wa ukoo mmoja nao. Wahudumu wa afya ya jamii, watu wasiokuwa wataalamu wa akili, walikutana na sehemu ya wanawake hao mara 5, wakawafundisha kupumua polepole, kutenganisha tatizo linaloweza kutatuliwa na lile lisilo na dawa leo, kurudia shughuli walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Hawakugawiwa mtaji, wala hawakuhamishwa nyumba. Hata hivyo miezi 3 baadaye walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Umaskini ulibaki ulivyokuwa, msongo ukapungua. Anayesema dawa ni pesa peke yake ajibu hilo kwanza.

Kuutambua ugonjwa huu nako si kazi ngumu. Tangu 2006 kuna maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 anahitaji kuonwa na daktari au afisa wa kliniki, ambaye pia atachunguza tezi ya shingo, kwa kuwa ikizidisha kazi huleta mapigo na mtetemo wa aina hiyo hiyo. Yapo mazungumzo ya tiba, na zipo dawa zisizomfanya mtu mtumwa wake. Vidonge vya usingizi vya kununua kiholela havimo humo.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Kaunti ya Nairobi iyaingize maswali hayo 7 katika kila ziara wanayofanya Kaloleni, na kila kituo cha afya cha Makadara kiwe na mtu aliyefundishwa kumpokea yule mama wa samaki, badala ya kumrudisha nyumbani kwa sababu presha yake iko sawa.